MAISHA YA DAKTARI PATRICK MANSON (1844–1922), ALIYETAFUTA MINYOO YA MATENDE USIKU

Na mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa kambi



Kamati ya Jamii iliponiomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu, kwanza niliwafikiria wapigania uhuru na viongozi wa dini. Lakini nikakumbuka jambo moja lililotokea hapa hapa kambini. Wahudumu wa afya walipita mchana wakatangaza kwamba watarudi saa nne za usiku kuchukua tone la damu kidoleni kwa watu wazima wa bloku yetu. Usiku ulipofika, milango mingi ilikuwa imefungwa na taa zimezimwa. Wengine walisema hao ni mumiani. Wenzetu wa upande wa Katanga walisema ni batumbula. Watu walijiuliza ni kazi gani njema inayohitaji damu gizani. Nami, mwalimu ninayefundisha sayansi darasa la sita, nilifunga mlango wangu nikanyamaza.

Asubuhi yake mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini damu hiyo haichukuliwi mchana kama ile ya malaria. Sikuwa na jibu, na mwalimu asiye na jibu halali vizuri. Nililitafuta, na nilipolipata nililikuta ndani ya maisha ya daktari mmoja wa Uskoti aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ndiyo maisha ninayowasimulia leo.

UGONJWA WENYEWE

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa. Matende ni kuvimba kwa mguu au mkono hadi ngozi inakuwa nene na ngumu kama ya tembo. Busha, ambalo wengine huliita ngirimaji, ni kujaa maji katika mfuko wa korodani. Yote mawili yanaweza kuletwa na minyoo myembamba kama uzi inayoitwa filaria. Minyoo hii hukaa katika mishipa ya limfu, yaani mishipa inayokusanya maji ya mwili na kuyarudisha kwenye damu, ile inayokutana kwenye mitoki. Mnyoo jike hufikia urefu wa sentimita 8 hadi 10, na dume sentimita 4 hivi. Minyoo hiyo huishi kwa miaka kadhaa, na jike huzaa vijiminyoo mamilioni, visivyoonekana kwa macho, ambavyo huingia katika damu. Mishipa ikiharibika, maji hayapiti, na kiungo huvimba.

Kwetu, ng'ambo ya ziwa, alikuwako mzee jirani mwenye mguu wa namna hiyo. Watu walisema alikanyaga dawa iliyotegwa njiani. Sisi watoto tulimkimbia, na tulipokuwa mbali tuliigiza mwendo wake. Alianza kukaa nyuma kanisani, kisha akaacha kabisa kuja. Sikumbuki hata mara moja mtu mzima aliyetukataza. Habari za Dk. Manson zimenifanya nimkumbuke mzee yule kwa aibu.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Patrick Manson alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1844 huko Oldmeldrum, mji mdogo karibu na Aberdeen, Uskoti. Baba yake alikuwa meneja wa tawi la benki na mwenye shamba. Ilisemekana kwamba mama yake alikuwa na undugu wa mbali na Daktari David Livingstone, yule aliyekutwa na Stanley pale Ujiji mwaka 1871.

Kijana huyu hakuanza na udaktari. Alipelekwa kujifunza ufundi katika kiwanda cha chuma Aberdeen. Kazi ile nzito ilimshinda: uti wa mgongo wake uliugua, akalazimika kulala kwa muda mrefu. Alipopata nafuu aliacha ufundi akaingia Chuo Kikuu cha Aberdeen kusomea uganga. Alimaliza mitihani mwaka 1864 akiwa na miaka 20, lakini sheria ilimwona bado mdogo kupewa shahada, akaipokea mwaka 1865. Alifanya kazi kwa muda mfupi katika hospitali ya wagonjwa wa akili Durham, Uingereza, na mwaka 1866 akapata shahada ya juu ya udaktari. Mwaka huo huo alipanda meli kwenda Mashariki ya Mbali.

KAZI YAKE UCHINA

Alianza katika kisiwa cha Formosa, ambacho leo ni Taiwan, kwenye bandari ya Takao. Aliajiriwa na Idara ya Forodha ya Uchina kukagua meli na kutibu mabaharia. Mwaka 1871 alihamia bandari ya Amoy, inayoitwa sasa Xiamen, na huko pia alitibu wenyeji katika hospitali ya misheni. Mabaharia walimpa mshahara, bali wagonjwa wa Amoy ndio waliompa swali la maisha yake. Wengi walikuwa na matende na mabusha makubwa kupita kiasi. Hakujua chanzo chake, wala hakuna mtu aliyejua. Alichoweza ni kukata tu, na alikata sana. Inasemekana kwamba katika miaka mitatu uvimbe alioondoa ulizidi uzito wa tani moja.

Watu wa huko walimwogopa mwanzoni, na tusiwacheke, kwa maana hofu yao inafanana na yetu ya mumiani. Palikuwa na uvumi kwamba madaktari wa kigeni hutoa macho ya watu kutengenezea dawa. Mwaka 1870 uvumi kama huo ulizusha ghasia katika mji wa Tianjin, na wageni pamoja na Wachina Wakristo wakauawa. Inasimuliwa kwamba Manson hakujibu hofu hiyo kwa maneno. Aliamua kufanya upasuaji mahali pa wazi ili kila mpita njia atazame anachokifanya. Pole pole wagonjwa wakaongezeka.

Mwaka 1875 alikuwa likizoni Uingereza. Alimwoa Bi. Henrietta Thurburn, na pia alikaa katika maktaba ya British Museum mjini London akisoma kila alichopata juu ya matende. Humo alikuta habari ya Timothy Lewis, daktari wa jeshi huko Calcutta, India, ambaye mwaka 1872 alitangaza kwamba ameona vijiminyoo katika damu ya binadamu. Kabla yake, Demarquay alikuwa ameviona mjini Paris mwaka 1863 katika maji ya busha, na Wucherer huko Bahia, Brazil, mwaka 1866 katika mkojo. Baadaye, mwaka 1876, Joseph Bancroft wa Brisbane, Australia, alimpata mnyoo mzima mwenyewe. Kwa hiyo jina la kitaalamu la mnyoo huu, Wuchereria bancrofti, limetokana na Wucherer na Bancroft. Manson hayumo katika jina hilo. Yeye alirudi Amoy na hadubini, yaani darubini ya kuonea vidudu, na swali ambalo wenzake hawakuwa wamelijibu: vijiminyoo hivi vinatokaje kwa mtu mmoja na kumfikia mwingine?

HIN LO NA MBU

Manson alifikiri hivi. Vijiminyoo ndani ya damu ya mtu mmoja ni vingi mno. Kama vyote vingekua humo humo, mtu angekufa. Basi ni lazima vikulie mahali pengine. Lakini havina njia ya kutoboa ngozi na kutoka. Ni lazima pawepo kitu kinachokuja kuvichukua, nacho ni kinyonya damu. Akahesabu wanyonyaji wote: chawa, kupe, viroboto, kunguni, ruba. Wengi wao wapo hata katika nchi za baridi ambako matende hayapo. Mbu wa aina fulani ndiye aliyepatikana kule kule ugonjwa ulikopatikana.

Mwezi wa Agosti 1877 alilijaribu wazo lake. Alikuwa na mtumishi wa bustani, jina lake Hin Lo, ambaye damu yake ilikuwa na vijiminyoo. Hin Lo alilala usiku katika kijumba kilichotengenezwa makusudi. Taa iliwashwa na mlango ukaachwa wazi mbu waingie, kisha ukafungwa. Asubuhi mbu walioshiba walikuwa wametulia ukutani. Walileweshwa kwa moshi wa tumbaku wakakusanywa, na Manson akawapasua mmoja mmoja chini ya hadubini.

Aliona ajabu. Ndani ya tumbo la mbu vijiminyoo havikufa. Vilivua ganda lao, vikatoboa ukuta wa tumbo, vikahamia kwenye misuli ya kifua inayoendesha mabawa, na huko vikaanza kukua na kubadilika umbo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuonyesha kwamba mdudu anayenyonya damu hulea kimelea cha ugonjwa wa binadamu. Mwaka 1878 habari hiyo ilisomwa mbele ya wataalamu wa Linnean Society mjini London.

Alifanya kazi hiyo peke yake, mbali na maktaba. Husimuliwa kwamba aliandika London kuomba kitabu kinachoeleza habari za mbu, na baada ya miezi mingi akaletewa kitabu cha mende. Sisi walimu tunaofundisha kwa kitabu kimoja watoto themanini tunaweza kucheka na kumwelewa.

Hapa nataka tusimame kidogo. Vitabu vingi humtaja Manson kwa kurasa nyingi na Hin Lo kwa mstari mmoja. Lakini bila mtu yule kukubali kulala na kuumwa na mbu usiku kucha, hakuna kilichogunduliwa. Tena tuseme kweli: Hin Lo alikuwa mtumishi, na mtumishi hana nafasi kubwa ya kumkatalia bwana wake. Sheria za siku hizi zinataka mtu aelezwe na kuulizwa kwanza, na akikataa asiadhibiwe. Haki hiyo ni yetu. Lakini haki ya kuulizwa huja pamoja na wajibu wa kusikiliza maelezo kabla ya kufunga mlango.

SIRI YA USIKU

Sasa nafika kwenye swali la mwanafunzi wangu. Manson aliwafundisha wasaidizi wawili Wachina kupima damu kwa hadubini. Walipima mamia ya watu. Mmoja alifanya kazi mchana, mwingine usiku, na hesabu zao hazikulingana hata kidogo. Yule wa usiku alipata wagonjwa wengi zaidi. Mkuu mwingine wa kazi angesema mmoja wao ni mvivu au mwongo. Manson aliona afadhali kuuliza damu yenyewe. Watu wale wale walipimwa kila baada ya saa chache, mchana na usiku, siku nyingi mfululizo.

Jibu likawa wazi. Jua linapokuchwa vijiminyoo huanza kuonekana katika damu ya kidole. Huongezeka hadi usiku wa manane, na alfajiri hupungua. Mchana unaweza kutafuta usione hata kimoja, na mtu akatangazwa mzima kumbe ni mgonjwa. Ni saa zile zile ambazo mbu wa aina hii hutoka kuuma. Leo tunajua kwamba wakati mzuri wa kupima ni kati ya saa nne usiku na saa nane usiku.

Habari hiyo ilipofika Uingereza baadhi ya madaktari walimdhihaki, wakiuliza kama minyoo hiyo ina saa mfukoni. Lakini mwaka 1881 daktari Stephen Mackenzie wa London alimbadilishia mgonjwa wake ratiba, akalala mchana na kukesha usiku. Baada ya siku chache vijiminyoo navyo vilibadilika, vikawa vinatoka mchana. Baadaye Manson aligundua vinakojificha. Mgonjwa mmoja wa London alifariki ghafla asubuhi, na alipopasuliwa vijiminyoo vilikutwa vimejazana katika mishipa ya mapafu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mhudumu anayegonga saa nne za usiku hakuchagua giza ili ajifiche. Ni mdudu aliyelichagua giza, na mhudumu anamfuata.

KOSA LAKE

Ningewadanganya kama ningesema Manson alipatia kila kitu. Aliamini kwamba mbu huuma mara moja tu, hutaga mayai majini, kisha hufa baada ya siku chache. Mbu wake kweli walikufa upesi. Basi akahitimisha kwamba minyoo hutoka katika mzoga wa mbu na kuingia majini, na mtu huipata kwa kunywa maji hayo. Kwa zaidi ya miaka 20 fundisho hilo lilibaki vitabuni.

Aliyelisahihisha ni Thomas Bancroft wa Australia, mwana wa yule Joseph. Yeye aliwalisha mbu wake ndizi, wakaishi muda mrefu wa kutosha minyoo kukomaa ndani yao. Mwaka 1899 alisema huenda minyoo huingia kwa kuumwa. Alituma mbu London, na mwaka 1900 kijana George Carmichael Low, aliyefanya kazi pamoja na Manson, aliwakata vipande vyembamba sana akaikuta minyoo imejipanga ndani ya mrija wa kunyonyea. Minyoo hukomaa ndani ya mbu kwa muda wa siku 10 hadi 14. Mbu anapouma, minyoo hutoka mdomoni mwake, huanguka juu ya ngozi na kuingia kupitia kidonda cha kuumwa. Kwa kawaida huhitajika kuumwa mara nyingi, kwa miezi au miaka, ndipo mtu apate ugonjwa.

Manson alikubali. Mwalimu wa umri wake, mwenye jina kubwa, alisahihishwa na watu walio chini yake na hakuona haya. Natamani wanafunzi wangu walishike jambo hilo kuliko tarehe zote.

HONG KONG NA MKIMBIZI MMOJA

Mwaka 1883 Manson alihamia Hong Kong. Mwaka 1886 alisaidia kuanzisha shamba la ng'ombe wa maziwa ili mji upate maziwa safi. Mwaka 1887 yeye na mwenzake James Cantlie walianzisha chuo cha udaktari kwa ajili ya Wachina, na Manson akawa mkuu wake wa kwanza. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo alikuwamo kijana Sun Yat-sen, aliyehitimu mwaka 1892.

Sun aliingia katika siasa za kuupinga utawala wa kifalme, akalazimika kuikimbia nchi yake. Mwezi wa Oktoba 1896 alitekwa mjini London na kufungiwa ndani ya ubalozi wa Uchina, ili arudishwe kwa siri akauawe. Alifaulu kumpelekea Cantlie ujumbe kupitia mtumishi wa ubalozi. Cantlie na Manson walihangaika polisi na serikalini, na Manson mwenyewe alikwenda ubalozini kumwulizia. Baada ya siku kumi na mbili hivi Sun aliachiwa. Tarehe 1 Januari 1912 mkimbizi huyo aliapishwa kuwa rais wa kwanza wa muda wa Jamhuri ya Uchina. Sisi tulioko hapa tunajua thamani ya mtu anayegonga mlango kuuliza mkimbizi yuko wapi.

LONDON, MALARIA NA KONGO

Manson aliondoka Hong Kong mwaka 1889 akidhani amepata akiba ya kutosha kupumzika Uskoti. Thamani ya fedha ya Uchina ilishuka, akiba ikayeyuka, na mwaka 1890 ikambidi aanze tena kazi mjini London. Mwaka 1892 alipata nafasi katika hospitali ya mabaharia, ambako wagonjwa walitoka kila pembe ya dunia.

Katika miaka hiyo damu ya watu wa Kongo ilipita chini ya hadubini yake. Mwaka 1891 alieleza aina mbili nyingine za vijiminyoo alivyoviona katika damu ya wagonjwa waliotoka huko. Aina moja huonekana mchana na usiku sawasawa, na leo imo katika kundi la minyoo lililopewa jina lake, Mansonella. Aina ya pili huonekana mchana tu. Manson alihisi kwamba hao ni watoto wa mnyoo wa jicho anayeitwa Loa loa, na kwamba hubebwa na nzi wa msituni anayeuma mchana. Mwaka 1912 Robert Leiper alithibitisha kwamba ndivyo ilivyo. Kila mnyoo ameshika saa ya mdudu wake.

Mwaka 1894 alimwonyesha daktari kijana wa jeshi, Ronald Ross, vimelea vya malaria, akamwambia wazo lake kwamba mbu anahusika na ugonjwa huo pia. Ross alirudi India, na kwa miaka kadhaa barua zilikwenda na kurudi. Tarehe 20 Agosti 1897 Ross alivikuta vimelea katika tumbo la mbu, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Manson hakupewa.

Mwaka 1900 ulihitajika ushahidi ambao hakuna wa kuupinga. Mbu walioambukizwa malaria waliletwa London kutoka Roma. Kati ya waliojitolea kuumwa alikuwa mwana wa Manson mwenyewe, Patrick Thurburn, mwanafunzi wa udaktari ambaye hakuwa ameishi katika nchi za malaria tangu utoto wake. Aliugua malaria, akatibiwa kwa kwinini akapona. Safari hii aliyelala na kuumwa hakuwa mtumishi. Lakini mwaka 1902 kijana huyo alifariki kwa ajali ya bunduki akiwa katika kazi ya utafiti kisiwa cha Christmas. Baba aliishi na msiba huo miaka 20.

CHUO, UZEE NA KIFO

Mwaka 1897 Manson alifanywa mshauri wa tiba wa Wizara ya Makoloni, na mwaka 1898 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya magonjwa ya nchi za joto. Tarehe 2 Oktoba 1899 chuo chake cha tiba ya magonjwa hayo kilifunguliwa London. Tusisahau kwamba serikali ya kikoloni ilikiunga mkono hasa ili maofisa wake wasife huku Afrika na Asia. Afya ya wenyeji haikuwa shabaha ya kwanza. Lakini elimu ikishatoka haina mlinzi wa kuizuia. Chuo hicho, kinachoitwa sasa London School of Hygiene and Tropical Medicine, kimesomesha Waafrika wengi. Na karibu miaka 90 baada ya kuanzishwa, watafiti wake walishirikiana na watu wa Makunduchi, Zanzibar: walimwaga chembe nyepesi za plastiki zinazoelea juu ya maji ya vyoo vya shimo ili mbu wasizaliane, huku watu wakipewa dawa. Minyoo ya matende ilipungua sana.

Manson alipewa cheo cha heshima na kuitwa Sir mwaka 1903, na mwaka 1907 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha wataalamu wa tiba ya nchi za joto. Alisumbuliwa sana na ugonjwa wa jongo. Alistaafu mwaka 1912, na alifariki London tarehe 9 Aprili 1922 akiwa na miaka 77. Alizikwa Aberdeen.

YALIYOTUFIKIA SISI

Manson hakuponya matende. Dawa ya kwanza nzuri ya kuua vijiminyoo ilipatikana mwaka 1947, yeye akiwa kaburini miaka 25. Mwaka 1997 nchi za dunia ziliazimia kupitia Shirika la Afya Duniani kuumaliza ugonjwa huu, na mwaka 2000 mpango mkubwa ukaanza. Tanzania ilianza mwaka huo huo katika kisiwa cha Mafia, watu wakimeza dawa za ivermectin na albendazole mara moja kwa mwaka. Mwaka 2020 Malawi ilithibitishwa kuwa imeumaliza kama tatizo la afya ya jamii.

Dawa hizo huua vijiminyoo vya damu ili mbu wasiwe na cha kubeba, na hutolewa kwa jamii nzima kwa miaka kadhaa, hata kwa wanaojiona wazima. Mtu aliyekwisha kuvimba mguu anahitaji zaidi ya dawa: auoshe kila siku kwa sabuni na maji, aukaushe vizuri hasa kati ya vidole, auinue akiwa amekaa au amelala, aufanyishe mazoezi, na avae viatu. Busha hutibiwa kwa upasuaji. Tena si kila mguu uliovimba ni wa minyoo. Katika nyanda za juu, kama zile za Rwanda, wako waliovimba miguu kwa kutembea peku miaka mingi juu ya udongo wa volkano, na kwao viatu na usafi ndiyo kinga. Ndiyo maana ni lazima mtu apimwe. Hakuna hata aina moja kati ya hizo inayoletwa na dawa iliyotegwa njiani.

Siku hizi kipo kipimo cha haraka kinachoweza kufanyika hata mchana. Lakini kuviona vijiminyoo hivi kwa hadubini bado kunataka damu ya usiku, kama Amoy.

Kwa ninyi wafanyakazi wa mashirika nina ombi moja. Kabla ya kuja usiku, njooni mchana mtueleze kwa nini ni usiku, na mje pamoja na viongozi wa bloku tunaowafahamu. Manson alifanya kazi yake mbele ya macho ya watu, na waliokuwa wakimwogopa wakaanza kuja.

Kwa sisi wakazi, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kama nyumbani mwako yuko baba mwenye busha anayejifungia ndani, au mama anayeficha mguu chini ya kitenge, mpeleke zahanati. Watoto wakimcheka, wakataze pale pale. Mzee wetu wa ng'ambo ya ziwa hakukatiwa njia na mguu peke yake. Sisi tulimkatia pia.

Mimi nimekwisha kumpa mwanafunzi wangu jibu lake. Wahudumu wakirudi saa nne za usiku, watakuta kwangu taa inawaka.